Kabala Halisi ya Ghorofa ya Kumi na Moja

Jumatano, 14 Mei 2025

Nimepata! Miezi minne hapa Guangzhou nahangaika na miavuli, chaja na mabegi ya shule, kumbe utajiri ulikuwa kwenye uzi. Uzi mwekundu tu! Unafungwa mkono wa kushoto, mafundo saba, na mambo yanafunguka. Unaitwa Kabala. Ni siri ya Wayahudi wa kale. Wasanii wakubwa wa Marekani wanauvaa. Nimetazama video tatu, na ya tatu ilikuwa na muziki wa kuogofya, kwa hiyo ni ya kweli.

Nimejiunga na kundi la WhatsApp la Mwalimu Humphrey wa Sinza, Dar es Salaam. Cheo chake ni Bingwa wa Kabala Daraja la Saba. Nikamuuliza madaraja yako mangapi kwa jumla. Akajibu kuwa swali hilo ni la daraja la tano. Mtu wa maana sana. Tumekubaliana: mimi nanunua nyuzi huku, yeye anaziombea na kuziuza kule. Elfu tano za kuanzia.

Felisia asijue! Tunachangia chumba kimoja cha ofisi hapa Xiaobei, ghorofa ya kumi na moja, meza yangu dirishani, yake mlangoni. Mtu wa Moshi huyu. Nilileta miavuli, wiki moja baadaye naye ana miavuli. Nilileta mabegi, naye mabegi. Yake yanauzika. Mimi miavuli ninayo mpaka leo. Kaniuliza natabasamia nini. Nikamwambia jino linaniuma.

Mke wangu kapiga simu kutoka Bukoba kunikumbusha magauni. Magauni meupe arobaini na sita ya Komunyo ya Kwanza, Jumapili tarehe moja Juni. Kamati ya wazazi imenipa mimi kazi hiyo kwa kuwa niko China na wao hawako. Anita wetu ni mmoja wa hao mabinti arobaini na sita. Akachukua simu, shikamoo baba, akauliza kama la kwake litakuwa na mikono ya lesi. Nikamwambia litakuwa na lesi mpaka kwenye kucha. Akacheka. Miaka tisa, na kicheko ni cha marehemu mama yangu mtupu.

Magauni si shida. Ni kwenda soko la nguo la Shahe nusu siku na kurudi.

Ijumaa, 16 Mei

Soko la mapambo. Laoban, yaani mwenye duka, ni mama mfupi anayetafuna mbegu za alizeti bila kupumzika. Nikamwonyesha picha ya uzi. Akafungua kabati. Nyuzi nyekundu mpaka darini! Nikajua nimefika chimbuko la Kabala.

Halafu akaniuliza, kwa simu yake ya kutafsiri, nimezaliwa mwaka gani. 1989. Akapiga meza kofi. Mimi ni Nyoka! Huu ni mwaka wa Nyoka, na kwa Wachina mwaka wa mnyama wako ukirudi unarudi na mikosi, sharti uvae chekundu. Nyuzi zote zile ni za akina Nyoka wenzangu. Akanifunga mmoja palepale, bure, huku akinitazama kama mgonjwa.

Sielewi. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, leo naambiwa ni Nyoka. Na uzi huu ni wa Wayahudi au wa Wachina? Nilimpelekea Mwalimu Humphrey swali hilo kwa sauti. Akajibu kwa dakika saba. Alianza na Musa na nyoka wa shaba, akapitia piramidi za Misri, akamalizia na mafuta yake ya kukuza nywele. Nilielewa pale kwa Musa tu.

Nimeagiza hata hivyo. Kila uzi na kadi yake: KABALA HALISI KUTOKA YERUSALEMU. Laoban akataka chini iandikwe kuwa imetengenezwa China. Nikakataa. Akasema bila hivyo forodha watasumbua. Tukaafikiana iandikwe kwa herufi ndogo.

Shahe sikufika. Jumatatu.

Jumapili, 18 Mei

Somo la pili: Mti wa Uzima. Si mti. Ni duara kumi zilizounganishwa kwa mistari. Nimeuchora kwenye boksi la mabegi na kuubandika ukutani.

Felisia akautazama muda mrefu. Akasema timu yangu ina mchezaji mmoja pungufu. Nikamwambia si mpira. Akauliza kama ni ramani ya metro. Mtu asiye na mwanga humlazimishi. Akaongeza kwamba sisi nshomile, yaani wasomi wa Bukoba, tukikosa kitu cha kusoma tunakichora wenyewe. Wivu.

Ila mwenyewe sijui duara ya nne inafanya kazi gani. Leo Mwalimu Humphrey kasema ni rehema. Juzi alisema ni biashara ya nje.

Jumanne, 20 Mei

Magauni tayari nimeyaagiza jana. Nusu siku, kama nilivyosema! La Anita nililichagua mwenyewe: mikono ya lesi, vifungo vya lulu mgongoni. Nililishika mpaka muuzaji akalivuta akidhani nataka kutoroka nalo.

Leo jambo kubwa zaidi. Nimekutana na Myahudi. Myahudi mwenyewe, wa kweli, bustanini Yuexiu, kwenye benchi, kofia ndogo kisogoni na kitabu cha maandishi yaleyale ya kwenye video! Anaitwa Naftali. Mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa mwalimu wa hesabu, amekuja kumtembelea binti yake anayefundisha chuo hapa. Mkarimu. Alinipa nusu ya chungwa lake.

Nikampa kadi na uzi. Nikamweleza kuwa nahitaji picha moja tu, yeye kashika uzi, anatabasamu.

Akasoma kadi. Akaigeuza. Akauliza kwa upole Kabala ninayoifahamu mimi ni ipi. Nikamwambia mafundo saba. Akasema bibi yake alikuwa akiwafunga watoto uzi mwekundu kukinga kijicho, bila kadi wala bei, na wajomba zake wakimkataza. Lakini hayo ni mambo ya bibi. Kabala ni kitu kingine, ni elimu, watu wanaiendea kwa hofu. Yeye anasoma Torati na sheria zake mwaka wa hamsini sasa, na mlango ule bado hajaugusa. Walimu wake walisema mtu kwanza afike miaka arobaini, na awe ameshiba yale mengine kama mtu aliyeshiba mkate na nyama.

Hapo nilianza kumsoma. Miaka hamsini na hajaugusa! Anaficha chimbo, kama sisi haohao. Hapa Xiaobei ukimuuliza mtu kiwanda chake kiko wapi, anakwambia mbali sana, basi hakuna, njia mbaya. Nikamwambia polepole, mzee, mimi si mshindani wako.

Akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akaniuliza kama nina mtoto. Nikamweleza habari za Anita na Komunyo. Akafurahi kwa dhati, akaulizia gauni. Halafu akasema hivi: ningejisikiaje mtu asiyejua lolote akichukua ile hostia ya Anita, akaitia kwenye pakiti, akaiuza barabarani kama biskuti ya bahati?

Nilisimama! Komunyo ni kitu kitakatifu! Huwezi kuchezea imani ya watu namna hiyo, na watu wenyewe wapo, wanaona! Nilimwambia waziwazi kwamba amenikosea adabu. Akasema naam, naam, ndivyo hasa. Akaniomba basi walau neno lile niliondoe kwenye kadi.

Sikumwelewa. Mtu anakutukana, halafu anakuomba fadhila.

Niliporudi nikala mkate na nyama kwenye mgahawa wa watu wa Xinjiang pale kona. Sahani mbili. Nikafungua somo la tatu. Sikuona tofauti.

Jumatano, 21 Mei

Mizigo yote tayari. Viroba viwili vya magauni, kimoja cha nyuzi. Nimevifikisha kwa Ghalib, wakala wetu wa kago, mtu wa Unguja, mtaratibu, jua likiwaka au mvua ikinyesha kanzu yake nyeupe.

Sasa hatari iko hapa. Kwenye ghala la Ghalib kila kiroba kinaandikwa alama kwa wino mnene: kinakwenda wapi, kwa nani. Kila mfanyabiashara anaona. Na Felisia ana tabia ya kupita pale, anasoma alama, anabonyeza kiroba kwa kidole gumba, anajua kilichomo. Miavuli yangu aliijulia hivyohivyo. Akikuta kiroba cha SINZA, HUMPHREY, atabonyeza, na wiki ijayo Felisia naye ana Kabala.

Basi nikatumia akili. Kwenye nyuzi nimeandika BUKOBA, EVALINE, jina la mke wangu. Kwenye magauni nimeandika SINZA, HUMPHREY. Abonyeze sasa! Siku ya kupakia nitamnong'oneza Ghalib abadilishe. Gari la uwanja wa ndege wa Baiyun huondoka Jumamosi.

Ghalib aliniuliza nyuzi za nini. Nikamwambia, maana yeye hana maneno. Akauliza Kabala yenyewe ni nini. Nikaanza na duara ya kwanza, nikapotea kwenye ya tatu. Akasema shangazi yake alikuwa na hirizi zake, na baba yake akizikata kwa mkasi, nyumba nzima wakigombana, lakini angalau wote walikuwa wanajua wanachogombania. Sikumwelewa na yeye. Wiki hii kila mtu anaongea mafumbo.

Ijumaa, 23 Mei

Nimefaulu daraja la tatu!

Mtihani ulikuwa mfungo wa ukimya. Saa ishirini na nne bila kula, bila kusema, bila simu. Mwalimu Humphrey aliutangaza jana ghafla, akasema nyota zimekaa vizuri. Nikazima simu saa sita mchana na kujilaza chini ya Mti wa Uzima. Felisia alinisemesha mara tatu. Kisha akapima homa yangu kwa mkono. Kisha akaweka chai karibu na kichwa changu. Nilivumilia. Ilipofika saa tano asubuhi leo niliiona duara ya nne ikizunguka, na ya tano.

Nimewasha simu. Ghalib kapiga mara tisa! Na ujumbe: ndege ya leo ilipata nafasi, lori limeondoka mapema kabla ya sala ya Ijumaa, alitaka kuhakikisha nami kwanza kwa kuwa kiroba cha Bukoba alikiona chepesi kwa magauni, hakunipata, hivyo mzigo umekwenda kama nilivyoandika.

Kama nilivyoandika. Mtu mwaminifu sana Ghalib! Kila kitu kimekwenda nilivyoandika, tena siku moja mapema. Hiyo ndiyo Kabala. Nimekula sambusa nne na kulala.

Jumanne, 27 Mei

Siku tulivu. Felisia kachukua uzi mmoja kati ya sampuli zangu na kufungia boksi la sidiria. Kasema ni uzi mzuri, haukatiki. Nimeurudisha na kuufuta.

Anita anahesabu siku. Leo zimebaki tano. Kawaambia darasa zima kuwa magauni yote arobaini na sita ni baba yake anayaleta kutoka China. Mwalimu wao kamsimamisha mbele, wakampigia makofi.

Jumamosi, 31 Mei

Mungu wangu. Mungu wangu!

Simu ya Evaline. Ukumbi wa parokia. Wazazi wote wamekuja kujaribisha magauni, na mabinti wamekaa kwenye mabenchi, wameoga, wamesukwa. Mwenyekiti wa kamati akakata kamba ya kiroba. Nyuzi. Nyuzi nyekundu elfu tano zikamwagika mpaka chini ya altare ya ukumbini. Padre akaokota kadi akasoma kwa sauti: Kabala halisi kutoka Yerusalemu. Akavaa miwani akasoma na herufi ndogo.

Evaline hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Alisema, Baba Anita, nieleze tu, nielewe. Nikamweleza. Felisia, kidole gumba, alama, daraja la tatu. Nilivyozidi kueleza na mimi nikawa sielewi. Akauliza magauni yako wapi. Sinza. Kutoka Sinza hadi Bukoba kwa basi ni zaidi ya siku nzima, na Misa ni kesho asubuhi. Akakata simu.

Nikampigia Mwalimu Humphrey ili angalau ayapeleke uwanja wa ndege. Simu imezimwa. Kundi likanijibu kuwa yuko kwenye mfungo wa ukimya.

Nilimkimbilia Ghalib. Nilimwambia ananijua, tunafahamiana, angehisi! Akasema kago hufuata alama, haifuati moyo wa mtu. Akasema pia kwamba alipiga mara tisa. Kisha akanivutia kiti.

Jumapili, 1 Juni

Misa imekwisha. Padre kaamua watoto wapokee na sare za shule. Kasema Mungu anaijua rangi ya sare. Arobaini na watano wamepokea.

Anita hakupokea. Alikaa benchi la nyuma na mama yake. Alimwambia Padre kwamba yeye atasubiri, kwa sababu baba yake alisema ataleta, na baba yake hasemi uongo. Padre akampa tarehe nyingine, Jumapili ya Ekaristi, ishirini na mbili Juni.

Nilizungumza naye. Hakulia. Aliniuliza kama na mimi nilichekwa huku, kwa sababu yeye alichekwa, lakini kidogo tu. Nikamwambia nakuja mwenyewe, na gauni mkononi, silitumi kwa mtu. Akauliza kweli. Nikasema kweli.

Baadaye nililia chooni, ghorofa ya kumi na moja, kwa sauti, sikujali. Nina aibu. Nimekuwa baba wa ovyo. Felisia akagonga, akapitisha karatasi ya kufutia machozi chini ya mlango. Akasema nshomile, nunua gauni, nunua tiketi, nenda nyumbani. Akasema pia hajawahi kuniiga miavuli. Aliileta kwanza yeye, mimi ndiye nilikuja kuibonyeza. Sikumbuki hivyo, lakini sikuwa na nguvu ya kubishana.

Nyuzi, kina mama wamegawana. Wanafungia mifuko ya senene.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda Shahe alfajiri. Gauni moja tu. Laoban wa huko alikataa kuuza moja, wao huuza kwa dazeni. Nikamwonyesha picha ya Anita. Akaitazama, akasema maneno nisiyoyajua, akanipa na shela juu yake. Mikono ya lesi, vifungo vya lulu. Zuri kuliko lile la kwanza.

Tiketi ninayo. Baiyun, Jumanne ya tarehe kumi na saba. Nimemtumia Evaline picha ya tiketi. Kajibu kwa neno moja: Sawa. Katika siku hizi nne hilo ndilo neno refu kuliko yote.

Mti wa Uzima nimeubandua. Felisia kauchorea goli upande wa nyuma na kuutumia kama tangazo la punguzo. Naona nafuu. Kichwa chepesi. Nimeachana kabisa na mambo nisiyoyajua.

Ijumaa, 6 Juni

Mwalimu Humphrey amemaliza mfungo. Kanipigia mwenyewe, video!

Magauni yamekwisha! Yote! Alipofungua viroba alishangaa saa nzima, kisha akafunuliwa. Ni Kanzu za Nuru za Kabala. Haya ya kitoto ndiyo yenyewe hasa: mtu mzima hayavai, anayatundika juu ya mlango, nuru inaingia. Watu wamegombania. Lile la mikono ya lesi halikuuzwa. Kalitundika nyuma ya kiti chake na wateja wanaligusa kabla ya kuondoka. Nililiona kwenye simu. Vifungo viwili vimeshatoka.

Nikamwomba aviokote.

Anataka mia mbili zaidi. Haraka, kabla Sinza nzima haijaiga. Nikamwambia siwezi, nasafiri. Akaniuliza tangu lini mtu wa daraja la nne anakimbia nuru. La nne! Kanipandisha bila mtihani. Nikamuuliza basi duara ya nne ni nini hasa. Akasema ni nguo.

Nimetafakari kutwa nzima, na sasa nimeliona kosa langu. Kosa lilikuwa uzi. Uzi ni kitu kidogo, hauonekani, ndiyo maana hata mzee Naftali hakuushangilia. Kitambaa ndicho chenye nguvu. Mtu mwingine asingelijua hili bila kupitia niliyopitia mimi.

Nimerudi Shahe. Laoban alifurahi kuniona, akauliza habari za mtoto. Magauni mia mbili yatachukua siku kumi na nane, na lazima nisimamie mwenyewe, maana kadi ni mpya. Tiketi nimeisogeza hadi tarehe mbili Julai. Gauni la Anita liko salama kwenye begi langu, na Padre bila shaka ana Jumapili nyingine. Evaline bado sijamwambia. Nataka kwanza nipate maneno mazuri.

Jioni Anita kapiga. Alitaka kujua kama aje kunipokea uwanja wa ndege wa Bukoba, au anisubiri kanisani ile ishirini na mbili akiwa ameshasukwa. Nimemwambia asubiri kanisani.